Siku moja na taa ya chek injini, Ilala

Saa 1:30 asubuhi

Gereji yetu haina ukuta. Ina mwembe, kontena la vifaa, na magari ambayo wenyewe walisema wanarudi kesho. Mimi sishushi injini. Kazi yangu ni umeme na kupima gari kwa mashine, na napima kwa elfu ishirini. Wateja wangu wengi huja na sentensi moja: "Fundi, taa imewaka." Ile ya njano, yenye umbo la injini.

Saa 2:10

Mama mmoja anaingia na Toyota IST aliyoinunua kwa mtu. Namwamkia, anaitika, kisha: "Baba, nifutie hii taa niwahi kazini."

Kufuta ni kubonyeza tu, ndiyo maana sifuti kwanza. Ana bahasha ya risiti kama mgonjwa aliyezungushwa hospitali nyingi. Fundi aliyetangulia aliona kwenye mashine namba ya kosa P0171, akamtuma Kariakoo kununua sensa ya oksijeni ya mtumba. Taa ikazima siku mbili, ikarudi.

Namba hiyo haisemi sensa imekufa. Inasema injini inapata hewa nyingi kupita kiasi kwa petroli iliyopo. Sensa, pale ilipofungwa kwenye bomba la moshi, ndiyo iliyopeleka habari kwenye kontrolboksi, kompyuta ya injini. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini magereji ya mjini yanamuua kila siku, na gharama za mazishi analipa mwenye gari. Halafu zile siku mbili hazikuwa kupona. Kumbukumbu ilifutwa tu, na gari haliwashi taa ya kosa hili mpaka lilione katika safari mbili zinazofuatana.

"Mama, kabla taa haijawaka mara ya kwanza, gari lilifanyiwa nini?"

"Hamna. Sevisi tu. Oili na ea kilina."

Hapo nimepata pa kuanzia.

Saa 2:40

Injini ni 1NZ, cc 1,500, nyepesi kuielewa. Kabla ya kushika spana nasoma marekebisho ya petroli, yaani asilimia ambayo kontrolboksi inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Gari zima huchezacheza karibu na sifuri. Hata ikifika 7 au 8 sikosi usingizi. Hili, likiwa sailensi (linanguruma bila kukanyagwa mafuta), lilikuwa linaongeza 21 kwenye yale ya muda mrefu na 8 juu yake kwenye ya muda mfupi. Nikakanyaga hadi raundi 2,500, jumla ikashuka hadi 7.

Kushuka huko ndiko kulikoniambia kila kitu. Pampu ikichoka au filta ya petroli ikiziba, hali huwa mbaya zaidi pale injini inapodai petroli nyingi. Ikiwa mbaya kwenye sailensi na kutulia kwenye raundi, kuna hewa inapenya kwa mlango wa nyuma: injini ikivuta hewa kidogo, hiyo ya wizi ni sehemu kubwa, ikivuta nyingi, inamezwa.

Kwenye IST sensa ya kupimia hewa imekaa kwenye boksi la ea kilina, yaani chujio la hewa. Chochote kinachoingia baada yake hakihesabiwi. Nikapuliza tone la spreyi ya kusafishia kabureta kuzunguka mpira mnene unaopeleka hewa kwenye throto, mlango wa hewa wa injini (mbali na egzosi, sitaki kuchoma gari la watu), na mlio wa injini ukabadilika papo hapo. Tukaufungua: ufa chini kabisa, ndani ya mikunjo, usioonekana ukisimama juu yake. Mpira wa miaka mingi ukivutwa kwa nguvu badala ya kulegeza klampu, unachanika.

Dogo akatumwa dukani kutafuta mwingine. Mama akapanda bodaboda kwenda kazini.

Saa 5:20

Vitz, kijana, taa inapepesa. Hapo sicheki na mtu. Taa ikitulia unaweza kufika gereji taratibu. Ikipepesa, injini inamisi kiasi cha kumwaga petroli isiyoungua kwenye masega, kile kisafisha moshi cha kwenye egzosi, na masega yakipata moto wa namna hiyo yanayeyuka. Bei ya masega anaijua kila mwizi wa mjini.

Namba P0302, silinda ya pili. Nikahamishia koili yake, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, kwenye silinda ya tatu, nikafuta, nikaliwasha. Ikaja P0303. Kosa limehama na koili, kesi imekwisha. Tayari alikuwa ameambiwa anunue koili zote nne.

Saa 6:45

Chapati na maharage.

Saa 8:30 mchana

Mteja anataka Premio huko Sinza, niikague kabla hajalipa. Dalali anatupokea: "Gari halijawahi kuguswa hili, broo."

Nikazungusha swichi hadi ON bila kuwasha injini. Taa ya chek injini inapaswa kuwaka hapo, kisha izime injini ikishika. Isipowaka, balbu imekufa au kuna mtu ameificha. Hii iliwaka na kuzima vizuri, hakuna kosa hata moja. Mteja akaanza kutabasamu. Nikafungua ukurasa wa pili: vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe havijakamilika, na kilomita tangu kumbukumbu ifutwe ni 4.

"Bosi, nani alifuta asubuhi?"

Dalali akapokea simu ambayo sikuisikia ikiita. Nikamshauri mteja aombe kuliendesha gari siku nzima na nilipime tena jioni, au atafute jingine. Muuzaji akakataa. Tukaondoka.

Saa 11:15 jioni

Mama amerudi. Mpira umefungwa, nimefuta, tumezunguka hadi Buguruni na foleni yake yote. Marekebisho ya jumla: 3.

"Na hii sensa niliyonunua?"

Ya zamani alikuwa nayo kwenye buti, imeviringishwa gazeti. Nikaijaribu, inasoma vizuri kuliko ya mtumba, nikairudisha mahali pake. Ile nyingine ajaribu kuirudisha kwa aliyemuuzia, ingawa wale hawarudishi hela. Labda ataambulia plagi.

"Endesha kawaida, mama. Jumamosi upite nisome tena."

"Kusoma tena ni elfu ishirini nyingine?"

"Hapana mama, hiyo imo humohumo."