Picha za kupamba bila kupandisha intaneti: Android, iPhone, Windows na Linux zote chumba kimoja

Kila harusi ikiisha swali ni lile lile, haya picha twazipata vipi. Mimi napiga picha za wanawake hapa Lamu, kupamba, yaani pale bi harusi anapopambwa akaonyeshwa, na zile shughuli za ndani ambazo wanaume hawaingii, na mnajua wenyewe siku hizi harusi nyingi simu zakusanywa mlangoni ama zabandikwa stika kwenye kamera, manake watu wako vichwa wazi, wamejipamba, na hakuna anayetaka kesho ajikute kwenye stetasi ya mtu asiyemjua. Sasa ukishaaminiwa wewe peke yako na kamera, hizo picha ni amana, na amana haianzi kuvuja pale unapozianika, yaweza kuvuja pale unapozituma tu.

Mama mmoja wa bi harusi aliniuliza vizuri kabisa, "Mwanangu, hizi picha zapitia wapi kabla ya kufika kwangu?" Hilo ndo swali lenyewe. Ukizipandisha Google Drive ama Dropbox ukamtumia linki, zimetoka Lamu zimeenda kukaa kwenye seva ya nchi nyingine halafu zarudi kwenye simu iliyo hatua mbili kutoka kwako, na linki nayo yeyote aliyeipata anaweza kuifungua kama hukuifungia. Bando nalo lishaliwa mara mbili, kupandisha kwako na kushusha kwake. Na ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora, hina ya mkononi ambayo mtu amekaa masaa akichorwa yaonekana kama doa. Kutuma kama dokyumenti ubora wabaki, lakini bado yazunguka intaneti na bado ni bando.

Watu wengi hapa ukiwaambia kutumiana bila intaneti wanafikiria Bluetooth. Bluetooth kwanza iPhone haipokei mafaili ya Android kwa njia hio, halafu hata kwa simu zinazokubaliana, ile ya kawaida kasi yake ya juu kabisa ni megabiti 3 kwa sekunde, yaani GB moja ni kama dakika 45 mambo yote yakinyooka, na hayanyooki. Dakika moja tu ya video ya 4K kwenye iPhone ni kama MB 170. Piga hesabu ya kuingia kwa bi harusi peke yake.

AirDrop, njia ya Apple ya kutumiana mafaili vifaa vikiwa karibu, ni nzuri sana, ipo tangu 2011, lakini imetengenezwa kwa vifaa vya Apple. Quick Share, ya kazi hio hio, ni nzuri kwa Android, Google na Samsung waliunganisha zao Januari 2024, na kuna programu yake ya Windows. Kwa baadhi ya simu mpya za Android, kuanzia Pixel 10, Quick Share imeanza kuongea na AirDrop tangu mwisho wa 2025, na natamani ifike kwa kila simu. Ila mimi laptopu yangu ni Linux, simu yangu Android ya bei ya kawaida, bi harusi ana iPhone, kakake ana Windows ya kazini, na harusi haisubiri kampuni zikubaliane.

Kwa hio natumia LocalSend. Ni ya bure, haina matangazo, msimbo wake uko wazi watu wanaukagua, na ipo kwa Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Haina akaunti, hakuna kujisajili, hakuna kuweka namba ya simu. Inachofanya ni kutafuta vifaa vilivyo kwenye waifai moja na kupeleka faili moja kwa moja toka hiki hadi kile, tena ikiwa imefungwa kwa siri njiani asiisome mwingine. Ukiifungua kila kifaa kinajipa jina la sifa na tunda, ukumbini wanawake wanacheka nani ndizi nani embe, lakini nenda setingi uweke jina lako halisi, manake vifaa vikiwa vingi usije ukamtumia mwingine.

Muhimu ni kwamba waifai si intaneti. Mimi nawasha hotspoti kwenye simu yangu, nazima data, wanaopokea wanaingia kwenye hotspoti yangu, basi, tushakuwa na mtandao wetu wa chumbani ambao hautoki nje ya ukuta. Hakuna bando linaloliwa hata kidogo. Apu yenyewe tu ndo watu waiweke mapema nyumbani, na asiyetaka kuiweka kuna sehemu ya kutoa linki, anaiandika kwenye brauza ya simu yake na kushusha akiwa kwenye hotspoti hio hio.

Pale inapokataa, mara nyingi ni mambo haya. Waifai za gesti na hoteli, Shela na hapa mjini, nyingi zimewekwa wageni wasionane, nyote mko ndani na hakuna anayemwona mwenzake, usihangaike nayo, washa hotspoti yako. Windows ikiuliza mtandao huu ni wa umma ama binafsi, chagua binafsi, la sivyo fayawoli yake, ule ulinzi wa mtandao ndani ya kompyuta, inafunga mlango. Kwa Linux yenye fayawoli ya ufw fungua poti namba 53317, tcp na udp zote mbili, ndo mlango LocalSend inaopitia. iPhone inauliza ruhusa ya kuona mtandao wa ndani mara ya kwanza, mtu akibonyeza kataa haoni kitu mpaka aende setingi kuirudisha. Na hotspoti ikitoka kwenye iPhone 12 kwenda mbele laptopu ya zamani yaweza kutoiona kabisa, kuna swichi ya Maximize Compatibility pale pale, iwashe. Wakati wa kupokea iPhone isizimwe kioo wala mtu asihamie apu nyingine, itakatika katikati na mtaanza upya.

Quick Save, ile ya LocalSend ya kupokea bila kuuliza, iacheni imezimwa, ili kila faili liulize kwanza kabla ya kuingia.

Sasa kuna jambo wengi wanalisahau. Picha zikishafika kwenye simu ya bi harusi, simu yenyewe yaweza kuzipandisha usiku ule ule bila kumwambia mtu. Google Photos inakuruhusu kuchagua foda za kuhifadhiwa, kwa hio foda ya kupamba isitiwe alama. iCloud Photos haina kuchagua, kilichoingia kwenye Photos chote kinapanda, kwa hio kwenye iPhone namwambia bi harusi azime ile ya kuhifadhi kwenye gallery ndani ya LocalSend, picha zitabaki kwenye Files chini ya On My iPhone. Na kama ana bekapu ya iCloud ya simu nzima, aingie kwenye orodha ya apu za bekapu aizime LocalSend. Hii naifanya naye akiwa bado amekaa na mimi, simu mkononi mwake, kabla sijafunga begi la kamera.