Maharage ya Bibi na maua ya migomba

Mnyauko, ugonjwa wa bakteria unaoua migomba, ulionekana wilayani Muleba, mkoani Kagera, mwaka 2006, na nilipokuja likizo ya Juni 2008 ulikuwa umeshavuka barabara kuingia upande wetu. Nilikuwa Kidato cha Tano, nasoma kemia, biolojia na jiografia. Jioni ile nilipofika nyumbani sikuulizwa habari za masomo. Baba mdogo alinichukua moja kwa moja hadi kwa jirani kunionyesha mgomba uliokatwa asubuhi. Majani yake yalikuwa ya njano, yameinama kama yamemwagiwa maji ya moto. Pale shina lilipopita panga palikuwa pakitoka utomvu mzito wa njano, matone madogo madogo, ukigusa unanata. Kwenye mkungu, chane moja ilikuwa na ndizi zilizoiva na nyingine mbichi kabisa. Baba mdogo akapasua mojawapo, ndani ilikuwa kahawia.

Kwa mtu asiyetoka Kagera, kibanja ni shamba tu. Kwetu nyumba iko katikati ya migomba, kahawa iko humo, maharage yamo chini yake, na wazee wetu wamezikwa humo humo. Matoke ndicho chakula. Kingine chochote ni cha kusindikizia. Mgomba ukifa si kwamba umepoteza zao la msimu mmoja. Kibanja cha Bibi kilikuwa cha mama mkwe wake kabla yake, na migomba mingi aliyoikuta pale akiwa bibi harusi ndiyo iliyokuwa bado inazaa, kwa maana ya machipukizi ya machipukizi yake.

Siku ya tatu bwana shamba aliitisha mkutano chini ya mwembe, karibu na ofisi ya kijiji. Alieleza vizuri. Mgomba wenye ugonjwa ung'olewe na kufukiwa. Panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Halafu akasema la tatu: lile ua jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu livunjwe mara tu chane ya mwisho inapotoka, kwa mti wenye panda, si kwa panga. Wadudu wanaofuata utamu wa ua wanabeba vimelea kutoka mgomba hadi mgomba, na vimelea vinaingilia kwenye makovu yanayobaki maua ya kiume yanapodondoka.

Hapo ndipo mkutano ulipochafuka. Kung'oa mgomba mgonjwa watu walielewa, ingawa iliwauma. Kuvunja ua la mgomba mzima walikataa. Mzee mmoja alisimama akauliza, ua likivunjwa mkungu utajaa vipi? Mahindi ukiyakata mbelewele unavuna nini? Bwana shamba alijibu kwamba utafiti umethibitisha haidhuru, tena ndizi zinanenepa zaidi. Jibu lilikuwa kweli, lakini halikuwa na sababu ndani yake, na wazee wa kwetu hawachukui neno lisilo na sababu. Bibi alikuwa mmoja wa waliotikisa kichwa.

Mimi sababu nilikuwa nayo. Muhula ule tulikuwa tumekata ncha za mizizi ya vitunguu vilivyokaa juu ya glasi za maji, tukazilainisha kwa asidi ya moto, tukazitia rangi, tukaziponda chini ya kioo chembamba kwa kidole gumba. Hadubini zilikuwa chache, tukapanga foleni. Ilipofika zamu yangu niliona seli nyingi zikiwa zimetulia, viini vyake duara, na kati yake moja iliyokuwa imeganda katikati ya kugawanyika: nyuzi fupi nyekundu za kromosomu, zinazobeba maagizo ya urithi, kundi moja likielekea juu na jingine chini, kama vidole vya mikono miwili inayoachana. Kitunguu kina kromosomu 16. Sikuweza kuzihesabu, ila niliamini. Mwalimu wetu, akijua wengi wetu tumetoka kwenye migomba, aliongeza jambo ambalo halikuwa kwenye mtihani: kwamba ndizi za kwetu zina kromosomu 33, seti tatu za 11, na kwamba ndiyo maana hazina mbegu.

Usiku ule, baada ya chakula, nilimwomba Bibi ungo na maharage. Alikuwa na mbegu za mchanganyiko, za rangi nyingi, kama zinavyopandwa kwetu. Taa ya chemli ikawekwa chini, tukakaa kwenye mkeka, na baba mdogo akasogea.

Nilianza na maharage yenyewe, kwa sababu mharage una kromosomu 22, seti mbili za 11. Nikapanga punje mbili mbili zinazofanana, mistari 11. Rangi ziliponiishia nikachukua buni na punje za mahindi. Nikamwambia Bibi, kila jozi hapa moja imetoka kwa mama na moja kwa baba. Mmea unapotaka kukua tu, kuongeza jani au mzizi, kila moja inajitengenezea nakala yake, zinajipanga katikati ya seli, nakala moja inavutwa huku na nyingine kule. Seli moja inakuwa mbili, na kila moja ina 22 zile zile. Hiyo ni mitosisi. Kila mmoja anajigawa mwenyewe, hamsubiri mwenzake.

Lakini mmea unapotaka kuzaa mbegu, kazi inakuwa nyingine. Chavua inatakiwa ibebe nusu, na yai libebe nusu, ili zikikutana zirudi 22. Hapo kila kromosomu lazima kwanza imtafute mwenzake wa jozi. Zinalala ubavu kwa ubavu, zinabadilishana vipande, ndipo zinaachana, mmoja huku, mmoja kule. Nikagawa punje: 11 kulia, 11 kushoto. Nilimwambia kwamba baada ya hapo kuna mgawanyo wa pili wa kutenganisha nakala, lakini kazi ngumu ni hii ya kwanza, ya kupata mwenza. Hiyo ni meiosisi. Bibi akasema Kihaya, ndiyo maana watoto wake saba hawafanani. Nikamwambia ni hivyo hivyo, na wao walitoka kwenye jozi 23.

Kisha nikaongeza punje ya tatu kwenye kila mstari. Nikasema, huu sasa ni mgomba wetu. Nikampa Bibi ungo agawe mwenyewe sawa kwa sawa.

Aliangalia mstari wa kwanza. Akaweka mbili kulia, moja kushoto. Wa pili akageuza, moja kulia, mbili kushoto, ili kusawazisha. Aliendelea mpaka mwisho bila kusema kitu, akahesabu: kulia 17, kushoto 16. Akasema, zimekaribiana. Nikamwonyesha kwamba kuna upande wenye punje mbili za aina hii na moja ya aina ile, na maagizo ya aina zote yanatakiwa yawe kwa kipimo kimoja. Chavua au yai la namna hiyo kwa kawaida halifiki popote. Mwalimu alikuwa ametupigia hesabu ubaoni: ikiwa kila tatu zinaachana mbili kwa moja bila mpango, nafasi ya zile mbili mbili za mistari yote 11 kuangukia upande mmoja ni moja kati ya 1,024.

Bibi alikaa kimya, halafu akauliza swali ambalo mkutano mzima haukuuliza. Kama meiosisi inakwama kwa sababu ni watatu, kwa nini mgomba wenyewe haufi?

Bado nafurahi nikikumbuka swali lile, kwa sababu lilifika kwenye kiini cha jambo. Nikamrudisha kwenye punje. Katika mitosisi hakuna anayetafuta mwenza. Wawe wawili, wawe watatu, kila mmoja anajinakili na kugawanyika peke yake. Chipukizi linatoka kwenye kitako cha mgomba kwa mitosisi tupu, na kwa njia hiyo mgomba unaweza kuendelea karne na karne bila mbegu hata moja. Baba mdogo alikwenda jikoni akarudi na ndizi mbivu, akaipasua kwa urefu karibu na taa. Katikati kulikuwa na vile vidoa vyeusi vidogo ambavyo sote tumevila maisha yetu yote. Nikawaambia hivyo ndivyo vijiyai vilivyoshindwa kuwa mbegu. Nyama ya tunda hili imejifunza kujaa bila kusubiri chavua, kwa hiyo ua la kiume halina kazi yoyote kwa mkungu. Mahindi yanalihitaji. Mgomba wetu hauhitaji.

Bibi aliniuliza, basi aina zetu za ndizi, Nshakara na Enchoncho, zimetofautiana vipi, kama zote ni machipukizi? Nikamjibu kwamba nakala zikitengenezwa kwa muda mrefu kuna siku herufi moja ya maagizo inabadilika, na mtu mwenye jicho kama lake akaliona lile chipukizi tofauti, akalipanda kando, akalipa jina. Jibu hili lilimpendeza kuliko yote.

Asubuhi alimwita baba mdogo akamwambia akate mti wenye panda. Walizunguka kibanja chote. Upande wa bondeni tulikuta migomba iliyokwisha kuugua, tukaing'oa na kuifukia, na Bibi alisimama kando muda wote akitaja ni nani aliyempa kila mmoja. Hakuna aina ya ndizi ya kulimwa iliyokuwa na kinga ya kweli dhidi ya mnyauko, na watafiti wamethibitisha kwamba ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki zimetokana na shina moja. Ugonjwa ukiujua mgomba mmoja umeijua yote. Wiki ile majirani wawili walikuja kwa Bibi kuuliza kwa nini amevunja maua, naye akawaletea ungo.

Swali moja aliniachia bila jibu: kama watatu hawazai, huyo wa kwanza mwenye watatu alizaliwa na nani? Nilirudi nalo shuleni. Mwalimu alinieleza kwamba mababu wa ndizi, migomba ya porini ya Kusini Mashariki mwa Asia, wana seti mbili na mbegu tele. Mara moja moja meiosisi yao hushindwa kupunguza, likatoka yai lenye seti zote mbili, likakutana na chavua ya kawaida yenye moja.

Desemba nilimpelekea Bibi jibu hilo. Aliuliza kama hiyo ya porini inalika. Nikamwambia imejaa mbegu ngumu nyeusi, nyama ni ya kulamba tu. Akasema aliyeacha hiyo akachukua chipukizi la mtoto wake tasa alikuwa na akili sana. Halafu akaniambia nichukue ule mti wenye panda, kuna mkungu nyuma ya jiko umeshatoa chane ya mwisho tangu juzi.