Majina kwenye Tofali la Nanjing

Juzi lori lilipomwaga matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba, binti yangu alichuchumaa akalisugua moja kwa kidole gumba mpaka herufi zilizogandamizwa ubavuni zikaonekana, kisha akaniuliza hilo ni jina la nani. Nilimjibu kwamba ni la kiwanda. Hakuridhika. Alitaka kujua aliyelifyatua hilo hasa, yule mtu mwenyewe, anaitwa nani, na mbona hakuandikwa. Mama yake akacheka, akasema leo mhandisi amepatikana. Mimi akili yangu ilikuwa imeshafika Nanjing, chini ya ukuta wa kale wa mji, upande wa ndani, mashariki kidogo ya lango la Zhonghua, jioni moja ya kiangazi cha mwaka 2012.

Wachina wenyewe huitaja Nanjing miongoni mwa miji yao iitwayo matanuri, na mtu wa Dar es Salaam asidhani kwamba huko ataringia mazoea yake ya joto. Bonde la mto Yangtze hushika unyevu, majengo marefu hutoa usiku joto lote yaliyolimeza mchana, na chumba changu cha ghorofa ya juu kilikuwa hakikaliki mpaka usiku uwe mwingi. Nilikuwa namalizia tasnifu kuhusu misingi ya majengo kwenye udongo laini, kazi ambayo mchana iliniweka maabara na usiku iliniweka macho. Jioni nilifanya kama wenyeji: nilishuka treni ya chini ya ardhi kituo cha Zhonghuamen, nikavuka daraja la mto Qinhuai nikikwepa zile pikipiki za umeme ambazo hazitoi mlio mpaka ziwe zimekufikia kisiginoni, nikaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta pamoja na wazee wenye pepeo zao za mkono na watoto wenye matikiti.

Ukuta huo ulianza kujengwa mwaka 1366, Zhu Yuanzhang alipokuwa bado hajatangaza nasaba yake ya Ming, na kazi ilichukua zaidi ya miaka 20. Ulizunguka mji kwa takriban kilomita 35, na zipatazo 25 zimesimama mpaka leo, huku barabara za magari, njia za treni na minara ya vioo zikijipenyeza pale zinapoweza. Matofali yalifyatuliwa katika wilaya nyingi za majimbo ambayo leo ni Jiangxi, Hubei, Hunan, Anhui na Jiangsu, yakaletwa kwa mashua. Haya nilikuwa nimeyasoma. Ninachotaka kueleza sikukisoma popote.

Nilikuwa nimeinama kwenye ukuta, nakwaruza kiungo kati ya tofali na tofali kwa ukucha, kwa kuwa profesa wetu alikuwa ametueleza habari za chokaa iliyochanganywa na uji wa mchele wa kunata, nami nilitaka kujua ugumu wake. Mzee mmoja aliyekuwa akiandika mashairi kwa maji kwenye sakafu ya mawe alisimama kunitazama. Waandishi wa namna hiyo hujaa kwenye bustani zote za China: brashi yao ina mpini mrefu kama wa ufagio na kichwa cha sponji, ndoo iko pembeni, na herufi za mwanzo wa shairi hukauka kabla hawajafika mwisho wake, jambo ambalo halionekani kuwasumbua. Aliniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia, babu, kidogo. Akachovya brashi ndooni, akaja, akaipitisha mara moja kwenye tofali lililokuwa usawa wa kifua changu.

Lilikuwa jeupe kuliko majirani zake. Lilipolowa liligeuka la kijivu zima, na kwa kitambo hapakuonekana chochote. Nilidhani mzee ananitania. Kisha uso wa tofali ukaanza kukauka. Maji yaliyokuwa juu yaliondoka kwanza, yale yaliyoingia kwenye mikwaruzo yakabaki, na kutoka katika ule weupe zikaanza kujitokeza alama nyeusi, nyembamba, safu kwa safu, mpaka ubavu mzima wa tofali ukawa ukurasa. Mzee aliweka kidole juu akaanza kushuka nacho. Mkoa: Yuanzhou, huko Jiangxi, ambako udongo ni mweupe kama wa kauri, na ndiyo maana tofali lina rangi hiyo. Ofisa msimamizi wa mkoa, jina lake. Karani wake, jina lake. Wilaya, ofisa wa wilaya, karani wa wilaya. Wakuu wa vikundi vya kaya, mkubwa, wa kati na mdogo, kila mmoja na jina lake. Fundi wa tanuri. Kidole kilipofika chini kabisa, karibu na kona iliyomeguka, kilisimama kwenye jina la mwisho, la mtu aliyelifyatua tofali lenyewe. Niliomba nilisome mwenyewe. Nilisoma jina la ukoo, nikaanza kulitafuta la pili, lakini jua la jioni lilikuwa bado kali na herufi ikafifia mbele ya macho yangu. Mzee akachovya tena brashi bila kusema neno, akalilowesha tena, tukasubiri wote wawili, majina yakaja upya kwa utaratibu uleule, na safari hii nikaligusa lile la mwisho kwa ncha ya kidole. Lilikuwa limechapwa kwa kina kuliko ya wakubwa zake, au mimi nilitaka iwe hivyo.

Nikamwambia kwamba hiyo ni heshima kubwa, mfyatua matofali kujulikana jina lake baada ya zaidi ya miaka 600. Mzee alicheka mpaka akaegemea mpini wa brashi.

“Heshima gani, kijana? Tofali likipasuka, walikuwa wanajua ni mlango gani wa kugonga.”

Aliponiuliza nilikotoka na nikamtajia pwani ya Afrika Mashariki, alielekeza brashi upande wa Yangtze, ambako ndiko zilikoundwa merikebu za Zheng He, amiri wa meli za Ming, akaniuliza habari za twiga. Kila mtu wa Nanjing aliyesoma kidogo ataniuliza habari za twiga. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea kaisari Yongle twiga, watu wa barazani wakamwona ndiye yule qilin, mnyama wa hadithi ajaye zama za utawala wa haki, na tangu hapo sisi wa pwani tuna deni la maelezo. Nilijibu kama kawaida yangu kwamba wazima, wanatusalimu.

Nyuma yetu palikuwa na uzio wa mabati uliochorwa maduka ya mtindo wa kale, yenye paa za vigae na taa nyekundu. Ndani ya uzio huo ndiko kulikokuwa na vichochoro vya zamani, na nyumba ya mzee ilikuwa huko. Waliokaa miji ya China miaka ile wanaijua ile herufi moja ya kubomoa, iliyopakwa kwa rangi na kuzungushiwa duara ukutani. Nyumba yake ilipakwa, fidia ikatoka, naye akahamia Jiangning, kusini, kwenye jengo refu lenye lifti, ambako alikiri kuwa choo ni kizuri na kwamba hafahamiani na majirani. Kila jioni alirudi kwa treni kuja kuandika mahali palipokuwa uani kwake. Jikoni mwa nyumba ile kulikuwa na tofali la ukuta wa mji. Baba yake aliliokota miaka ya 1950, baadhi ya vipande vya ukuta vilipokuwa vikivunjwa na watu wakijichukulia matofali ya kujengea majiko na mabanda. Siku ya kubomoa, mzee alilitoa jikoni kabla ya vyombo.

Nilikwenda kwake kulitazama. Ya safari hiyo hayana urefu: milango inayofanana, vitufe vya lifti visivyo na namba 4, mkewe akitusukumia vipande vya bata wa chumvi. Tofali lilikuwa barazani, ghorofani huko, juu ya mtungi wa mboga za kuchachusha, likizikandamiza zisielee, limefungwa mfuko wa plastiki ili chumvi isilile. Wasimamizi wa ukuta huwaomba wakazi wayarudishe matofali ya aina hiyo, na mzee alisema kila mara kwamba atalirudisha. Mkewe naye alisema kila mara kwamba lirudishwe, ila aelezwe kwanza mboga zitakandamizwa na nini. Nilichungulia chini, nikaona majengo pacha yamepangana mpaka ukungu ulipoyameza, nikauliza lile letu lilijengwa na nani. Wote wawili walitazamana. Mzee akakumbuka kwamba kulikuwa na karatasi kwenye kibanda cha mlinzi.

Nilitetea tasnifu, nikafunga mizigo, nikaondoka.

Leo kazi yangu ni ya majengo marefu ya Dar es Salaam, na kwa mujibu wa sheria tunasimamisha kibao cha mradi kikionyesha mwenye jengo, mkandarasi, msanifu na mhandisi. Jengo likikabidhiwa, kibao hung'olewa, mara nyingi kwa haraka kuliko kilivyosimamishwa, na mabati yake hufunikia kitu kingine. Fundi aliyefunga nondo hakuwahi kuwemo hata kilipokuwa kimesimama. Sijui kama namwonea huruma au namwonea wivu. Mfyatuaji wa Yuanzhou huenda alilichapa jina lake mikono ikitetemeka, na angelipa achukue nafasi ya fundi wetu ambaye hakuna anayeweza kumpata. Lakini tofali lake halikupasuka, nami siwezi kujidanganya kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Kwenye kikao kimoja cha eneo la ujenzi niliwahi kupendekeza tuchape majina ya waliomimina zege kwenye nguzo za chini, kila nguzo na watu wake. Mkandarasi aliinua macho kutoka kwenye simu akaniuliza kama jina langu litatangulia. Nikamjibu kwamba kwa utaratibu wa Yuanzhou msimamizi mkubwa ndiye wa kwanza, kwa hiyo aanze yeye. Tulicheka wote mezani, tukaendelea na ajenda ya maji taka, na katibu hakuliandika pendekezo hilo kwenye muhtasari.