Siku moja ya fundi leza, Kijenge

Saa 1:00 asubuhi nafungua karakana. Nafagia majivu ya jana, kijana ninayemfundisha analeta chai na chapati, tunakunywa tumesimama. Mtu mmoja anaingia kuuliza bei ya kibao cha mlangoni, anaondoka.

Saa 2:00 tunaanza kufunga tyubu mpya, maana ile ya zamani imechoka na haikati tena hata plaiwudi nyembamba. Tyubu ndiyo inayotoa mwale wa leza unaokata; ni bomba la kioo lenye urefu wa kama sentimita 70, nguvu yake wati 40, na ndani kuna mchanganyiko wa gesi: kaboni dioksidi, naitrojeni na heli. Mashine imechomolewa ukutani na tumesubiri kabla ya kugusa waya wowote, kwa sababu umeme unaowasha tyubu ni wa maelfu ya volti na unaweza kubaki ndani hata swichi ikiwa imezimwa. Naizungusha tyubu mpaka tundu la kutokea maji ya kupoza liangalie juu, ili mapovu yatoke. Povu likinasa ndani, kioo kinapata moto upande mmoja na kupasuka. Maji yenyewe ni yale ya kuongezea betri, yasiyo na asidi.

Saa 3:30, kimo cha tyubu. Mwale unadunda kwenye vioo vitatu vya kuakisi kabla ya kufika kwenye mbao, na mdomo wa tyubu lazima uwe sawa na katikati ya kile cha kwanza. Nakata vipande vya kandambili, naviweka chini ya vibanio, napima, natoa kimoja, napima tena. Vibanio havikazwi sana. Kioo cha tyubu hakitaki kubanwa.

Saa 4:30 nabandika tepu ya karatasi kwenye kioo cha pili, kile kinachotembea kwenye reli, nakisogeza karibu na cha kwanza, nafunga vifuniko na kugusa kitufe cha kujaribu. Tepu inapata doa la kahawia, dogo kuliko punje ya mtama. Nakisogeza mbali, nagusa tena. Doa la pili limeshuka chini ya la kwanza. Hapo mwale hauendi sambamba na reli, na dawa yake ni skrubu tatu nyuma ya kioo cha kwanza, kila moja robo mzunguko au pungufu. Madoa yakilaliana lakini yakawa pembeni ya kioo, skrubu usiziguse. Sogeza tyubu yenyewe. Hili ndilo linalowashinda wengi: wanazungusha skrubu kutafuta katikati, na ulinganifu wote unaharibika.

Saa 5:30 hivi akaja mteja. Kijana wa kampuni ya utalii, anataka lebo za mbao za mabegi ya wageni wanaotua uwanja wa ndege wa KIA kesho asubuhi.

“Dada fundi, si unabonyeza tu inakata?”

Nikamweleza kwamba tyubu ni mpya na vioo havijakaa. Akavuta kigoda, akakaa. Kila nilipogusa kitufe aliuliza kama tayari. Akampigia bosi wake: “Niko hapa kwa fundi, anabandika tepu.” Kisha akaja kuinua kifuniko achungulie. Nikamshika mkono. “Kaka, rudi nyuma. Mwale huu huuoni, ila ukikuingia jichoni umekuunguza.” Akanuna. Afadhali anune. Watu wanaiona leza ikichora simba na mbuyu wanadhani ujuzi uko kwenye kompyuta, na mimi naumia kusikia hivyo, kwa sababu ujuzi uko hapa, kwenye doa dogo la kuungua.

Nikahamia kioo cha tatu, kilicho kwenye kichwa kinachotembea juu ya meza, nikakijaribu kwenye kila pembe. Pembe tatu za meza zilikubali: doa palepale. Pembe ya nne, mbele kulia, doa likakimbia karibu nusu upana wake. Umeme ukakatika hapohapo. Mteja akaguna kama vile nimeuzima mimi.

Tukatumia giza hilo kutafuta sababu. Pembe tatu zikikubali na moja ikakataa, mara nyingi kosa haliko kwenye vioo; fremu imejipinda. Kijana wangu akaweka pima maji juu ya reli, na kweli, mguu mmoja wa mashine ulikuwa unaning’inia. Tukaingiza kabari. Mgongo ulikuwa unaniuma kwa kuinama, chakula cha mchana sikukumbuka.

Umeme uliporudi jua lilikuwa limeshaelekea Monduli. Doa la nne likalala juu ya mengine. Nikasafisha lenzi inayokusanya mwale, nikairudisha tumbo lake likiwa juu, nikapima milimita 50.8 kutoka lenzi hadi mbao, nikasawazisha kioo cha kichwani mpaka mwale ukashuka wima. Ukishuka mshazari, ukingo wa mbao unakatika kwa kuinama. Nikakata lebo ya kwanza kwa mpito mmoja, ukingo umenyooka, haujaungua sana. Nikampa mteja aishike. Akaigeuzageuza, akanyamaza.

Lebo zote zilikwisha usiku umeshaingia. Akaomba nipunguze bei. Sikupunguza.

Nimekaza nati za vioo vyote. Asubuhi nitarudia pembe nne kabla ya kazi yoyote, maana baada ya kukazwa na baridi hii ya Arusha doa linaweza kusogea. Mwenye kazi ya kukata kesho aje kuanzia saa 4:00.