Kikokotoo cha muuzaji kilivyonichagulia miwani ya boti

Naendesha boti ya faiba yenye mashine mbili, nawapeleka wageni kisiwa cha Mnemba kutoka Matemwe, Zanzibar. Msimu wa kusi, asubuhi, jua linatoka karibu sawa na omo, yaani mbele ya boti, na maji yote ya mbele yanang'aa kama bati jipya. Kwa mwendo ule, mwamba ukichelewa kuuona ndio umeshaupanda.

Kila niliyemuuliza kuhusu miwani ya jua aliniambia neno moja: chukua nyeusi kabisa. Ushauri huo unanikera mpaka leo. Nilinunua sokoni Darajani, kama elfu kumi na tano, nyeusi ti. Siku moja ya bamvua, maji yamekupwa sana, nikaivaa. Mwanga ulipungua kweli, lakini ule mng'aro ulibaki palepale na chini yake sikuona kitu. Nikasikia kishindo nyuma: panga (propela) la mashine ya kushoto limekula jiwe. Wageni walikuwa salama, namshukuru Mungu, ila bei ya panga jipya ilinitoa jasho.

Baadaye mgeni mmoja mzamiaji akanivika miwani yake. Maji yakafunguka! Mchanga, majani, matumbawe, kila kimoja na rangi yake. Nikatazama GPS: kioo cheusi. Nikadhani imekufa, nikaigonga, nikakagua waya za betri. Nikavua miwani nifute jasho, GPS ikawaka. Nikaivaa tena, ikazima. Nikalaza kichwa begani, ikarudi. Mgeni akanieleza kwamba vioo vyake ni vya polaraizi: vinakata mwanga unaoruka juu ya maji, kwa kuwa huo umelala upande mmoja. Mwanga wa kioo cha GPS nao umepangwa upande mmoja, na ukikingamana na miwani haupiti.

Hapo nikapata mbinu. Nikarudi Darajani, nikakuta kila miwani ina kibandiko cha polaraizi na muuzaji anaapa. Nikamwambia, "Kaka, niazime hicho kikokotoo." Nikaandika 8888, nikavaa miwani ya kwanza, nikakizungusha kikokotoo taratibu kama usukani. Namba zinaonekana tu. Ya pili, vilevile. Ya tatu, ya nne, ya tano, hamna. Ya saba, kilipofika kwenye pembe fulani, kioo chake chote kikawa giza, namba zisionekane. Muuzaji akataka kujaribu mwenyewe. Akajaribu mara tatu, akanyamaza. Nililipa kama laki hivi, na sijutii.

Kikokotoo hakipimi UV, ile miale ya jua isiyoonekana inayodhuru macho, kwa hiyo niliipeleka miwani kwa fundi mwenye kijimashine cha kupimia. Tafuta UV400, alama ya kioo kinachoizuia. Kioo cheusi kisichozuia UV kina madhara, maana mboni inapanuka gizani na miale inaingia zaidi. Watazame wavuvi wazee wenye kinyama kinachotambaa jichoni. Jua lina mkono mkubwa hapo.

Kwa maji mafupi rangi ya kahawia inatenganisha mwamba na majani vizuri kuliko kijivu. Iwe imekumbatia uso, la sivyo upepo unakutoa machozi. Kamba ya shingoni usiache. Ikirukiwa na maji ya bahari, imwagie kwanza maji yasiyo na chumvi ndipo uifute. Niliyemwazima mara ya mwisho aliisugua kwa fulana ikiwa na chumvi, na mkwaruzo upo, katikati kabisa ya kioo cha kulia.