Siku moja maishani mwangu: kuitafuta TLR4 kwenye damu

Saa 12 na nusu asubuhi nishashuka daladala, na nikifika maabara kitu cha kwanza sio chai, ni friji. Digrii 4, napumua. Kingamwili zetu zenye rangi, zile zinazonasa protini tunayoitafuta kwenye seli, zinakaa humo na hazitakiwi kuganda kabisa, hasa zile zenye rangi inayoitwa PE, maana PE yenyewe ni protini, ikiganda ikayeyuka mwanga wake unakufa na hela yote imepotea.

Saa 2 damu imefika, ya mtu aliyejitolea. Naizimua na PBS, maji ya chumvi ya maabara, naimwaga polepole juu ya Ficoll, kimiminika kizito kinachotenganisha seli, afu sentrifyuji dakika 30 bila breki. Ukitoa tyubu unakuta utando mweupe katikati, kama wa maziwa yaliyopoa, na monosaiti ninazozitaka, aina ya seli nyeupe za kinga, ziko humo. Kuosha, kuhesabu, milioni moja kila tyubu, mara saa 5 hii hapa.

Sasa tunatafuta nini? TLR4 ni kipokezi cha ile kinga tunayozaliwa nayo, ndo kinachoifanya seli istuke ikikutana na sumu ya kwenye ukuta wa bakteria kama E. coli. Mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake walionyesha kwamba panya wasioshtushwa na sumu ile wana hitilafu kwenye jini ya Tlr4, na 2011 akawa mmoja wa waliopata Nobel. Mimi naipenda hii TLR4 ila inasumbua, kwenye monosaiti iko kidogo sana wakati CD14, protini nyingine ya kuzitambulisha monosaiti, imejaa tele. Kwa hiyo TLR4 naipa PE inayong'aa sana, CD14 naipa APC, rangi nyingine inayowashwa na leza nyekundu. Zamani CD14 nilikuwa naiweka kwenye rangi ya FITC, kijani chake kinavuja mpaka upande wa PE, unashangilia TLR4 kumbe ni CD14 unayoiona.

Naweka kingamwili, nusu saa kwenye barafu, gizani, kuosha tena, afu chakula cha haraka.

Saa 8 mchana tuko kwenye mashine inayopima mwanga wa rangi kwenye seli moja moja, mwanafunzi wetu wa fildi anaangalia skrini.

"Dada, huyu mtu TLR4 yake mbona imewaka hivi?"

Nikamwambia fungua kwanza tyubu ya kontrol, ile ya kingamwili isiyolenga chochote. Nayo imewaka karibu sawa! Moyo ulinilipuka. Nikarudi kwenye daftari, hatua ya kuziba sehemu za seli zinazoshika kingamwili ovyo sijaiwekea tiki, simu iliita pale pale na nikaruka. Monosaiti zina CD64, kipokezi kinachoshika mkia wa baadhi ya kingamwili za aina ya IgG, na hii yetu ni IgG2a ya panya ambayo CD64 ya binadamu inaidaka vizuri mno, yaani rangi ilikuwa imening'inia tu pasipohusika.

Bahati seli zilibaki kwenye barafu. Tukarudia, safari hii IgG ya binadamu isiyo na rangi kwanza dakika 10 ili izibe CD64, ndo kingamwili zikafuata.

Saa 11 jioni kontrol imeshuka kabisa, na kwenye grafu TLR4 imekaa kulia kwake kidogo tu, kilima kifupi kilichojitenga. Kijana akasema, "Ndogo hivyo dada?" Ndiyo, ndogo hivyo, na ndo yenyewe. Nikaandika namba, nikarudisha vichupa kwenye digrii 4, nikafunga mlango.