Nilivyoipima Mululuza na Karela kwa Sukari Yangu Mwenyewe

Tangu nianze kutibiwa kisukari cha aina ya pili, sijakosa mtu wa kunishauri dawa za miti. Hapa Jinja, Uganda, mululuza, mti wa majani machungu, imeota nyuma ya nyumba nyingi, karela, tunda chungu linalopikwa kama mboga, haikosekani sokoni kwa sababu Wahindi wa mji huu wameipika vizazi na vizazi, na kila abiria wa teksi ana jamaa yake aliyepona kwa majani fulani. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, aliniletea fungu la mululuza akaniambia, "Mwanangu, achana na vidonge, kunywa hii iliyowatibu wazee wako." Wazee hao, nijuavyo mimi, waliitumia kwa homa na tumbo, lakini sikumbishia. Kuacha metformini, kidonge changu cha kisukari, sikuwa tayari, na kumvunjia heshima shangazi sikutaka, nikaona njia iliyobaki ni kupima.

Kwanza nilimweleza kuwa metformini yenyewe ina asili ya mmea. Huko Ulaya kuna mmea uitwao Galega officinalis, ambao una kemikali ya galegini inayoshusha sukari, ila galegini ilionekana kuwa na sumu. Wanakemia wakatengeneza dawa za jamii yake, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa metformini. Vilevile florizini, iliyotolewa katika magome ya mtufaha mwaka 1835, ndiyo iliyowaongoza watafiti hadi kwenye vidonge vya siku hizi vinavyofanya figo zitoe sukari kwa njia ya mkojo. Shangazi alilipokea hilo kama ushindi wake. Mimi nililichukulia vingine: mmea unaweza kweli kuzaa dawa, lakini kidonge changu kina miligramu 500 leo na kesho, ilhali majani ya msimu wa mvua na ya kiangazi hata ulimi unajua hayalingani kwa uchungu.

Kabla ya kunywa chochote nilimwambia sista wa kliniki. Swali lake la kwanza lilikuwa kama natumia glibenklamidi au insulini, kwa kuwa dawa hizo zenyewe huweza kuishusha sukari chini ya milimoli 3.9 kwa lita, na kuziongezea kitu kingine chenye nguvu hiyo ni hatari. Natumia metformini peke yake, ambayo ni nadra kuleta hali hiyo, naye akaandika mululuza katika faili langu.

Utaratibu wangu ulikuwa wa kawaida kabisa. Vidonge havikubadilika, chakula cha jioni hakikubadilika, na kila asubuhi nilipima kabla ya kula nikaandika kwenye daftari, kwanza majuma bila mululuza, kisha majuma yenye mululuza, kisha bila tena. Kazi ilikuwa kuzisoma namba. Asubuhi moja 8.1, inayofuata 7.4, na shangazi akashangilia, kumbe kiwango cha kimataifa cha vifaa vya kupimia sukari nyumbani, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinaruhusu majibu mengi yapishane na ukweli kwa hadi asilimia 15: sukari ambayo kwa kweli ni 8.0 inaweza kusomeka popote kati ya 6.8 na 9.2. Nilipolinganisha wastani wa majuma hayo, tofauti ilimezwa na pengo hilo.

Karela ilinishughulisha zaidi, kwa sababu hapo namba zilishuka kweli. Mke wangu alikuwa akiikata vipande vyembamba, akiipaka chumvi ili ipunguze uchungu, kisha akiikaanga na kitunguu na nyanya, na saa mbili baada ya kula kipimo kilionyesha nafuu iliyo wazi. Hata hivyo, karela ilikuwa imejaza nusu ya sahani na posho, yaani ugali, imepungua kwa nusu. Tukabadilisha: posho ileile ndogo, lakini badala ya karela tukaweka dodo, yaani mchicha. Namba zilishuka vilevile.

Baadaye nilisoma kwamba tathmini ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, iliyakusanya majaribio ya karela kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili, na haikupata ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza kama dawa. Kuhusu mululuza, mengi niliyoyaona yalifanywa kwa panya walioharibiwa kongosho kwa kemikali kama aloksani, hali ambayo haifanani sana na ya mtu wa makamo mwenye kitambi kama mimi, ambaye kongosho bado linatoa insulini ila mwili hauitii.

Chupa zinazouzwa barabarani bila jina la mtengenezaji sizigusi kabisa. Uganda ina sheria ya tiba asilia na tiba mbadala tangu mwaka 2019, lakini muuzaji wa kwenye teksi haulizwi chochote, na katika nchi kadhaa dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa na glibenklamidi kwa siri.

Shangazi bado analeta mululuza. Nakunywa kikombe kimoja akinitembelea, na sista anajua. Karela tunaipika inapokuwa bei rahisi, dodo siku nyingine, na posho imebaki nusu ya ile ya zamani. Vidonge namezea chakula, asubuhi na jioni.